K Tatu za Saa Nne

Mheshimiwa Mgeni Rasmi. Mkurugenzi wetu Mkuu. Ndugu wakuu wa idara. Walimu wakuu wa shule zinazokizunguka kituo hiki. Wafanyakazi wenzangu mnaobaki na wale mlionitangulia kustaafu. Wifi yangu uliyeketi safu ya tatu karibu na nguzo. Ndugu wageni waalikwa, mabibi na mabwana. Na wewe pia, mtambo mpya uliyefunikwa kitambaa cha bluu hapo mbele, ambaye sikuambiwa nikutaje katika ngazi gani ya itifaki, basi nimekuweka mwisho nikijua kwamba kuanzia kesho utakuwa juu yetu sote: habari za mchana huu.

Naomba mniruhusu nizungumze nikiwa nimekaa. Mshereheshaji ananikazia macho, namwona, kwa sababu hotuba husomwa mtu akiwa wima. Lakini magoti haya yamepanda na kushuka ngazi ishirini na mbili za chumba cha mtambo wa zamani kila siku ya kazi kwa miaka thelathini na mmoja, asubuhi kubadilisha karatasi, jioni kuangalia kama wino upo, na leo yameniambia basi. Nimechoka, ndugu zangu. Sisemi kama wanavyosema wastaafu wengine, kwa tabasamu, wakitarajia mtu apige kelele kutoka nyuma kwamba "ah, mama, bado una nguvu!" Nimechoka kweli, na sehemu kubwa ya uchovu huu haiko magotini.

Nimewasikiliza walionitangulia kusema. Nimesifiwa mwandiko, nimesifiwa kuwahi kazini, nimesifiwa hata birika langu la chai. Na Mkurugenzi wetu, kwa moyo mwema alionao, amesimama hapa akasema kwamba katika miaka thelathini na mmoja daftari la mitetemeko ya ardhi la kituo hiki halina kosa hata moja, na kwamba ndiyo maana limetumika kuufundisha mtambo huu mpya. Mkapiga makofi. Mkurugenzi, nakushukuru, lakini nakuomba radhi mapema: sentensi hiyo nitairudisha kwako kabla hatujatoka humu ndani.

Kwa wale ambao hawajui kazi yetu, niwaeleze kama ninavyowaeleza watoto wa shule wanaokuja kututembelea. Mimi huweka tofali juu ya meza. Nalifunga kipande cha mpira, ule wa tairi la ndani la baiskeli, halafu nauvuta mpira polepole. Tofali halisogei. Navuta tena, mpira unarefuka, tofali limetulia kama mgeni aliyeambiwa asubiri. Watoto wanaanza kuchoka, wanasukumana. Mara tofali linaruka! Wanapiga mayowe, kisha wanataka nirudie. Mwaka fulani binti mmoja wa darasa la tano aliniuliza, "Bibi, kwa hiyo lilikuwa limekasirika muda wote ule?" Nikamwambia hapana, tofali halina hasira, uliokuwa na kitu ndani yake ni mpira. Lakini nilikwenda nyumbani na swali lake.

Jiwe tunaloliona limetulia si kitu kimoja. Ndani yake ni atomu, nyingi zikiwa za silikoni na oksijeni, ndogo kiasi kwamba kwenye ncha ya kalamu hii zimejaa kuliko watu wote waliowahi kuzaliwa, na kila moja imeshikana na jirani zake kwa kifungo. Kifungo hicho si kamba wala si gundi. Ni elektroni ambazo majirani wanazimiliki kwa pamoja, na kila upande unazivutia kwake. Ukizibana atomu zikaribiane mno, zinasukumana. Ukizivuta ziachane, zinavutana zirudiane. Kwa hiyo jiwe hupindika, naam, jiwe hupindika, kwa kiasi ambacho jicho halikioni, na kila kifungo kilichovutwa hutunza sehemu ndogo ya nguvu iliyokivuta mpaka siku ya kuirudisha.

Na chini ya ukumbi huu, kilomita kadhaa chini ya viti vyenu vya plastiki, mabamba mawili ya mwamba yamegusana. Moja linakwenda huku, jingine kule, upana wa vidole viwili kwa mwaka, kwa sababu chini kabisa mwamba wenye joto unajongea taratibu kama uji mzito. Lau kingo za mabamba hayo zingekuwa laini, yangepishana bila neno, na mimi ningetafuta kazi nyingine. Lakini kingo zake zina vinundu, na pale kinundu cha huku kinapobanana na kinundu cha kule, atomu zao huanza kushikana, na kadiri zinavyokaa pamoja ndivyo zinavyozidi kushikana. Mabamba yanaendelea na safari, kingo zimekwama, na vifungo vilivyo katikati vinavutika mwaka hadi mwaka. Siku vifungo vya kinundu kimoja vinapokatika, mzigo wake haupotei, unahamia kwa jirani. Na jirani naye alikwishajaa wa kwake.

Sasa niulize: muda huo wote wa kungoja, kalamu ya mtambo inachora nini? Inachora mstari ulionyooka. Na mimi nilikuwa naandika nini mbele ya mstari huo? Naandika "Shwari." Saa tano kamili simu ya makao makuu inalia, mpokeaji anauliza, "Kituo kikoje?", nami najibu, "Shwari." Hivyo ndivyo nilivyopata jina langu, Mama Shwari, ambalo naliona limeandikwa hata kwenye keki. Wazee walituambia kwamba kimya kingi kina mshindo mkubwa, na wala hawakuwa na mtambo wa kupimia. Mimi niliyekuwa nao niliandika shwari.

Ndugu wageni waalikwa, naomba sasa niwaeleze kuhusu kaka yangu.

Wengi mnamkumbuka. Alikuwa fundi baruti kwenye machimbo ya mawe upande wa pili wa kilima. Tumenyonya ziwa moja, yeye akinitangulia kwa miaka miwili, na ucheshi wote wa nyumba ile alichukua yeye kabla sijafika. Kazi zetu zilikuwa za kuchekesha ukizitazama pamoja: mimi nalipwa kusikiliza mwamba, yeye analipwa kuupigia kelele. Kila siku ya kazi, saa nne na dakika kumi, alilipua. Kalamu yangu ingeruka. Jioni nikipita kwake kabla ya kwenda nyumbani angeniuliza akiwa bado na vumbi kwenye nyusi, "Salamu zangu umezipata?"

"Nimezipata saa nne na dakika kumi na mbili. Umechelewa."

"Jiwe la leo lilikuwa bishi, dada. Lile ni la ukoo wetu."

Yeye ndiye aliyenifundisha kitu ambacho kozi zote mbili nilizopelekwa hazikunifundisha. Alisema, "Mimi silivunji jiwe. Mimi nautafuta ufa, naweka baruti pale, halafu ufa wenyewe unamalizia kazi." Nilikwenda nikasoma vitabu kwa miezi kadhaa ndipo nikaelewa kwamba alikuwa sahihi: kwenye ncha ya ufa nguvu zote hujirundika juu ya vifungo vichache, vikikatika hivyo vinafuata vingine, na jiwe zima hujikuta limegawanyika bila mtu kulizidi nguvu. Kaka yangu aliishia darasa la saba.

Sasa, kanuni yetu inataka kila mruko wa kalamu uandikiwe chanzo chake. Lori, unaandika L. Radi, unaandika R. Mlipuko wa machimbo niliuandikia K. Wakaguzi walikuja wakauliza K ni nini, nikawaambia ni kelele. Wakaridhika, ikapitishwa, ikaingia kwenye mwongozo, mpaka leo vijana wetu wanafundishwa kwamba K ni kelele. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, K haikuwa kelele. K ni kaka. Ulikuwa utani wangu mimi na yeye, na ofisi nzima ikaupigia mhuri.

Mnacheka. Chekeni, hata yeye alicheka mpaka akakohoa.

Miaka kumi na saba iliyopita, siku ambayo wote wenye umri wangu humu ndani mnaijua, kalamu iliruka saa nne na dakika tisa. Nilikuwa nalisha wino. Niliona kwa pembe ya jicho, nikasema peke yangu, "Leo umewahi," nikaandika K. Dakika ya kumi na nne ikaruka tena. K. Dakika ya ishirini na moja, K. Kaka yangu hakuwahi kulipua mara tatu katika asubuhi moja. Nililijua hilo kuliko mtu yeyote, na jibu nililojipa ni kwamba leo jiwe limemshinda, jioni nitamcheka.

Mlipuko, ndugu zangu, husukuma mwamba pande zote kwa pamoja, kwa hiyo popote ulipo kalamu yako huanza kwa kupanda. Mwamba unaoteleza kwenye ufa husukuma upande mmoja na kuvuta upande mwingine, na ukiwa upande unaovutwa, kalamu huanza kwa kushuka. Ndiyo tofauti tuliyofundishwa wiki ya kwanza. Unachukua kioo cha kukuzia, unatazama, sekunde kumi zinatosha. Siku ile kalamu ilianza kwa kushuka. Mara tatu. Na kioo kilikuwa kwenye mtoto wa meza, karibu na goti langu.

Kanuni ya kituo inasema mitetemeko mitatu isiyojulikana chanzo ndani ya saa moja, mkuu wa kituo apewe taarifa, naye azipigie simu shule na zahanati, gari la matangazo lipite, watu wakae nje ya majengo hadi jioni. Haisemi kwamba tetemeko kubwa litakuja. Hilo hakuna binadamu anayelijua. Mara nyingi mitetemeko midogo huja ikapita, watu wakarudi ndani wakitutukana. Kanuni inasema tu wakae nje. Saa tano simu ililia. "Kituo kikoje?" Nikajibu mnachokijua.

Saa saba na dakika arobaini kalamu iliruka ikatoka nje ya karatasi, ikaanguka. Nilitoka mbio. Nilikimbilia wapi? Machimbo. Nilidhani genge la mawe limemfunika kaka yangu kazini. Nilimkuta msimamizi wao amesimama getini, mweupe kwa vumbi, nikamshika shati nikamuuliza yuko wapi. Akanijibu, "Dada, kaka yako hajaja leo. Ana homa. Leo hatujalipua hata kokoto."

Nataka mnisikilize hapa vizuri kwa sababu sitaweza kulirudia. Wazo la kwanza lililonijia, mbele ya yule mzee, halikuwa la kaka yangu. Lilikuwa la ukurasa. Nilizifikiria zile K tatu. Mungu anisamehe, niliufikiria ukurasa kwanza, ndipo nikakumbuka kwamba kama hakuwa kazini basi alikuwa kitandani, chini ya ukuta ule wa tofali mbichi ambao kila mwaka tulikuwa tunasema tutaubomoa.

Waliokufa siku ile walikuwa wanne. Watoto wa shule walikuwa uwanjani wanakula, ndiyo pona yao. Watatu kati ya wale wanne siwezi kuwasemea leo. Wana watu wao, nami kuanzia kesho, kwa kuwa sina tena kazi ya asubuhi, nitakwenda nyumba kwa nyumba kuyasema haya haya nikiwa nimesimama, magoti yatake yasitake. Wa nne ni kaka yangu.

Tume ikaja. Watu watatu wenye mikoba. Wakafungua daftari, wakauliza K hizi ni za nini, nikawajibu, "Kelele, za machimbo," kwa sauti hii hii mnayoisikia. Hawakwenda machimbo kuuliza. Kwa nini waende? Daftari lilikuwa safi. Mmoja wao alinisifu mwandiko. Wakaandika kwamba hapakuwa na dalili yoyote kabla ya tetemeko, na mwaka uliofuata nikapewa cheti cha utumishi uliotukuka, ambacho nimekitundika sebuleni mahali penye ufa wa ukuta ili wageni wasiuone. Tangu wiki ile milipuko ya machimbo naiandikia M. Hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini niliiacha K.

Mtauliza, kama uliweza kunyamaza miaka kumi na saba, si ungenyamaza tu na leo, ule keki yako, uende? Ningependa. Nilivyochoka, ningependa sana. Lakini mwaka huu amekuja mhandisi wetu, yule binti mwenye miwani aliyesimama pale kwenye swichi, akazipiga picha karatasi zote za miaka thelathini na mmoja, akaulisha mtambo mpya mruko mmoja mmoja na herufi yake, ili nao ujue cha kusikiliza na cha kutupa. Amefanya kazi nzuri, mpigieni makofi. Mpigieni tena. Wiki mbili zilizopita alinijia mezani na karatasi mkononi.

"Mama, shikamoo. Kuna kitu mtambo unakikataa."

"Marahaba, mwanangu. Kitu gani?"

"K zote, elfu tatu na mia saba na kitu, zinaanza kwa kupanda. Kuna tatu tu, za siku moja, zinaanza kwa kushuka. Mtambo unasema hizi si K. Nizifanyeje?"

Nilizitazama. Nilizijua kama mtu anavyomjua mwanawe kwa mgongo. Na mnajua nilimjibu nini huyu binti, mimi Mama Shwari, nikiwa nimebakiza siku kumi na nne kazini? Nilimwambia, "K ni K, mwanangu. Ingiza tu." Akaniamini. Akaingiza. Mashine ambayo haina hata mwaka mmoja iliona katika dakika moja lile nililokataa kuliona, ikauliza kwa adabu, na mimi nikaifundisha kutoona.

Kosa la kwanza lilikuwa la mtu aliyezoea. Hili la pili nililifanya kwa kukusudia, na ndilo limeninyima usingizi. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, leo umealikwa kufunua kitambaa kile na kubonyeza kitufe, na kuanzia kesho chumba cha ngazi ishirini na mbili kitafungwa, hakuna mtu wa kutazama karatasi asubuhi, hakuna simu ya saa tano. Mabamba hayakustaafu. Ufa ule tangu siku ile umeanza kushikana upya, kinundu kwa kinundu, miaka kumi na saba sasa, na mmeona jinsi mstari ulivyonyooka. Ukianza siku moja kuachia vifungo vyake kwa namna ile ile, kalamu ikishuka, ikishuka tena, ikashuka mara ya tatu, mtambo huu utazitupa zote tatu kwa sababu mimi niliuambia ni kelele. Utafanya nilivyofanya, tena bila hata kisingizio changu, maana wenyewe haukuwa na kaka.

Wifi.

Haya nilipaswa kukwambia nyumbani kwako, barazani. Nimekuja pale mara ngapi? Sikumbuki. Kila nilipokuja ulinipa kiti kile kizuri, ukanipa chai, na mazungumzo yakikaribia kuisha ulirudia maneno yale yale: "Alitaka kukaa juani, wifi. Mimi ndiye niliyemwambia ingia ndani ulale, una homa, jua litakuzidishia. Nikatoka kwenda kumtafutia dawa." Miaka kumi na saba unayasema hayo. Na mimi nakujibu, "Usijilaumu, wifi, yalikwishapangwa," halafu nakunywa chai yako. Nilisaidia kuujenga ule ukuta mpya, unakumbuka, nilibeba tofali siku nne mfululizo, watu wakasema wifi kama huyu haonekani siku hizi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliujenga ukuta, na ufa nikauacha vile vile. Nimewafundisha watoto wa shule wote wa eneo hili kwamba kifungo kikikatika mzigo huhamia kwa jirani. Jirani yangu alikuwa wewe, nami nilikutazama ukiubeba.

Ulimwambia mgonjwa akalale. Mke yeyote mwenye akili angemwambia hivyo. Siku ile kulikuwa na mtu mmoja tu aliyekuwa na sababu ya kuwatoa watu nje, naye hakuwa wewe.

Mshereheshaji, nimeiona saa yako, baba. Nakaribia.

Mhandisi, mwanangu, niletee lile daftari lenye jalada la kijani uliloliweka chini ya meza ya keki. Nilikuomba asubuhi ulilete nawe hukuniuliza la nini. Ahsante. Shika hapa maikrofoni, usiiache ipige kelele. Ukurasa wa mia mbili na kumi na nne. Kanuni yetu ni kwamba daftari la mitetemeko halifutwi na halichanwi. Ukikosea unapiga mstari mmoja juu ya kosa ili kosa liendelee kusomeka, unaandika lililo sahihi kando, na mnatia sahihi watu wawili: aliyekosea, na mtu anayejua kwa macho yake kwamba kweli ni kosa.

Napiga mstari. Saa nne na dakika tisa, tetemeko. Dakika ya kumi na nne, tetemeko. Dakika ya ishirini na moja, tetemeko. Mtanisamehe, mwandiko uliosifiwa leo haupo. Sahihi yangu hii hapa.

Sahihi ya pili haiwezi kuwa ya Mkurugenzi, ijapokuwa naiheshimu, wala ya Mgeni Rasmi. Inatakiwa ya mtu aliyeona kwamba fundi baruti hakwenda kazini asubuhi ile. Msimamizi wa machimbo ametangulia mbele ya haki. Amebaki mtu mmoja. Wifi, sikulazimishi. Ukitaka kuondoka ondoka, na ukiniona njiani ukapita upande wa pili wa barabara, nitakuwa najua kwa nini. Ila bila sahihi hiyo binti huyu hana ruhusa ya kubadilisha kitu ndani ya mtambo, na kwa hiyo, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ninalokuomba ndiyo zawadi pekee ninayoitaka leo: kitambaa kile kisifunuliwe kabla ukurasa huu haujakamilika. Iwe leo, iwe mwezi ujao. Mpaka hapo nitaendelea kupanda zile ngazi, bila cheo, kama mnaniruhusu. Na Mkurugenzi, ile sentensi yako kwamba daftari halina kosa, nakurudishia. Lina kosa, na sasa limeandikwa.

Amesimama.

Tafadhalini mpisheni, miguu yenu ndani kidogo. Mnaokaa nyuma hamuoni, basi niwaambie, na pia najiambia mwenyewe: mlango na meza yangu viko upande mmoja, kwa hiyo sijui anaelekea wapi. Amechukua mkoba wake. Amefunga kilemba vizuri, kama mtu anayetoka. Amefika kwenye nguzo ya pili.

Nawashukuru wote mliofanya kazi nami. Nawashukuru wapika chai, walinzi, na fundi wa umeme aliyekuja hata siku za mvua. Namshukuru huyu binti, ambaye mtambo wake ukikataa kitu tena asimuulize mtu aliyechoka.

Ameupita mlango, hakutoka.

Amefika. Anasema... subirini, amesogeza maikrofoni, hataki isikike. Anasema nisogee kidogo kwenye kiti, naye magoti yanamuuma, akae, ausome ukurasa mwenyewe kabla hajatia sahihi yake. Ana haki hiyo. Haya, nimesogea. Asanteni kwa kunivumilia na kunisikiliza. Sasa naomba tunyamaze kidogo, kuna mtu anasoma.